Bao la ugenini: Zambia ilivyokata tiketi ya Olimpiki mara mbili

Tarehe 9 Aprili 2024, jijini Rabat, dakika 90 zilikwisha Morocco ikiwa 0 na Zambia 1. Siku chache kabla, Ndola, Zambia ilikuwa imechapwa 2-1 mbele ya mashabiki wake. Jumla, 2-2. Shabiki aliyekulia kwenye mashindano ya Afrika angepiga hesabu ya pili hapo hapo: Morocco ina mabao mawili ya ugenini, Zambia ina moja, basi Zambia imeaga. Lakini kwa kanuni za safari hii hesabu hiyo haikuwepo tena. Zikaongezwa dakika 30, na ndani yake Barbra Banda, ambaye ndiye aliyefunga lile la kwanza, akatikisa nyavu kwa mara ya pili. Jumla 3-2, Zambia ikaenda Paris.

Sasa turudi nyuma miaka minne. Machi 2020, tiketi ya Tokyo ikiwaniwa, Zambia ilifungwa 3-2 na Kamerun mjini Yaoundé, kisha ikashinda 2-1 Lusaka. Jumla 4-4. Wakati huo sheria ya bao la ugenini ilikuwa hai. Zambia ilikuwa na mawili ya Yaoundé, Kamerun ilikuwa na moja tu la Lusaka, na mchezo ukaishia hapo bila dakika hata moja ya nyongeza. Kwa hiyo timu ile ile ilivushwa na sheria mwaka 2020, na mwaka 2024 ikavushwa na kutokuwepo kwake. Kama sheria ya zamani ingetumika Rabat, Banda asingepata nafasi ya kufunga bao la pili.

Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kwa sababu inafichua jambo ambalo benchi zetu za ufundi hulichukulia juujuu: kufuzu Olimpiki kwa soka la wanawake barani Afrika ni kazi ya mechi mbili mbili. Hakuna makundi, hakuna ligi ya kusahihisha makosa. Unapangiwa mpinzani, unacheza naye nyumbani na ugenini, mmoja anabaki. Kwa Paris, Afrika ilipewa nafasi mbili kati ya timu 12. Kwa Tokyo ilikuwa na moja ya uhakika, na aliyeshindwa hatua ya mwisho alipelekwa kwenye mchujo na timu ya Amerika Kusini. Ndivyo Kamerun ilivyokutana na Chile na kutolewa. Katika mfumo wa namna hii, kanuni ndogo ya kuvunja sare ina uzito kuliko mshambuliaji.

Muulize Mkameruni. Kabla ya Zambia ilikuwa Zimbabwe. Mwaka 2015, katika kuwania Rio, Kamerun ilishinda 2-1 Yaoundé, ikaenda Harare ikafungwa 1-0. Sare ya 2-2, na bao moja la Wazimbabwe kule Yaoundé likawapeleka Brazil. Mara mbili mfululizo Kamerun ilishinda mechi ya nyumbani, na mara mbili ikanyimwa tiketi na mabao iliyoyaruhusu siku ya ushindi huo. Nigeria nayo ilionja mwaka 2019: 0-0 na Ivory Coast mjini Abidjan, halafu 1-1 Lagos. Super Falcons, mabingwa wa Afrika mara nyingi kuliko wengine wote, walitoka bila kupoteza mechi.

Kwa Wakenya kumbukumbu ya mwaka huo ina utamu na uchungu. Harambee Starlets walitoka 0-0 Accra dhidi ya Ghana. Wengi huiona suluhu ya ugenini kuwa matokeo mazuri, lakini chini ya sheria ile ilikuwa mtego: bao moja tu la Ghana Nairobi lingemaanisha Kenya lazima ifunge mawili. Starlets walicheza dakika 90 na kamba hiyo shingoni, wakafika muda wa nyongeza, na Jentrix Shikangwa, ambaye baadaye mashabiki wa Simba Queens walimfahamu vizuri, akafunga bao pekee. Hatua iliyofuata ilikuwa Zambia. Nyumbani Kenya ikatoka 2-2. Mabao mawili ya kuruhusu! Kuanzia filimbi ya kwanza Lusaka, 0-0 iliitosha Zambia, hata 1-1 iliitosha. Kenya ikalazimika kufunguka ugenini, ikafungwa 1-0. Safari ile ilivunjika kwenye mechi ya nyumbani, ingawa wengi wanailaumu Lusaka.

Sheria hii Ulaya ilifutwa na UEFA mwaka 2021, na nadhani ilistahili kuondoka. Ilizifanya timu za nyumbani ziogope kushambulia katika mkondo wa kwanza, na ikaipa mechi ya marudiano uzito usio sawa kwa pande mbili. Lakini tuseme ukweli: njia waliyopita Zimbabwe sasa imefungwa. Timu ndogo iliyokuwa ikiiba bao moja mbali na kulilinda nyumbani kwa 1-0 leo italazimika kucheza dakika 120, na hapo kinachoamua ni mapafu, benchi lenye wachezaji wa akiba wa maana, na matuta.

Hebu tazama Zambia ilivyolibeba hilo mwaka 2024. Kabla ya Morocco iliitoa Ghana: ilishinda 1-0 Accra, ikatoka 3-3 Ndola. Weka mechi nne hizo pamoja. Nyumbani Zambia ilifunga mabao manne na kuruhusu matano, na haikushinda hata mechi moja. Ugenini ilifunga matatu, nyavu zake hazikuguswa. Ni takwimu ya kushangaza kwa timu ya Afrika, hasa kwetu tuliozoea kusema nyumbani ndiko pointi ziliko. Ninavyoiona mimi, sababu iko kwenye aina ya wachezaji. Ukiwa na washambuliaji wenye mbio kama Banda na Racheal Kundananji, unahitaji uwazi nyuma ya mabeki. Mwenyeji anayesukumwa na mashabiki wake hupanda juu na kukuachia uwazi huo. Mgeni anayekaa nyuma Ndola anakunyima. Zambia haikuhitaji kumiliki mpira Rabat. Ilihitaji kuwa hai hadi nafasi ije.

Nigeria ilikwenda Paris kwa njia tofauti kabisa, na kwa maoni yangu ngumu zaidi kuiga. Kamerun: 0-0 Douala, 1-0 Abuja. Afrika Kusini: 1-0 Abuja kwa penalti ya Rasheedat Ajibade, 0-0 Pretoria. Katika raundi hizo mbili za mwisho: mechi nne, mabao mawili, hakuna la kuruhusu. Ukuta wa namna hiyo unavuka chini ya sheria yoyote.

Upande wa wanaume haya hayahusiki sana. Kule wanakwenda vijana wa chini ya miaka 23 na wachezaji watatu wanaoruhusiwa kuzidi umri huo, na tiketi za Paris ziligawiwa kwenye AFCON ya umri huo iliyochezwa Morocco mwaka 2023. Morocco, Misri na Mali zikapita. Guinea, iliyoshika nafasi ya nne, ikacheza mchujo wa mechi moja na Indonesia nchini Ufaransa na kushinda 1-0.

Twiga Stars wa Tanzania je? Februari 2024 walifungwa 3-0 na Afrika Kusini pale Chamazi, kisha 1-0 ugenini. Hakuna sheria ambayo ingewaokoa kwa mabao manne, lakini mechi ya Chamazi ina somo. Chini ya kanuni za sasa kufungwa kwa tofauti ya bao moja nyumbani kunarekebishika, Zambia ni shahidi. Kinachoua ni kukimbilia kusawazisha na kuacha mlango wazi, moja likawa matatu. Los Angeles 2028 soka la wanawake litakuwa na timu 16 badala ya 12. Ombi langu kwa mashirikisho ya soka ya Tanzania na Kenya, TFF na FKF, ni moja: zitafutieni timu hizi mechi za kirafiki za ugenini, kwenye viwanja vya watu na mbele ya mashabiki wa watu, mapema kabla ya droo. Mpaka sasa nchi za Afrika zilizowahi kucheza soka la wanawake Olimpiki ni tano: Nigeria, Kamerun, Afrika Kusini, Zimbabwe na Zambia. Afrika Mashariki haina hata moja.