Gari la doria lilikuwa wapi?

Mkazi wa Kiembeni, Mombasa, akipiga simu ya dharura ya 999 usiku, afisa anayepokea simu anahitaji kujua gari gani la doria liko karibu. Zamani aliuliza kwenye redio, akamwamini aliyejibu.

Mnamo Novemba 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Westgate, Nairobi, na Mpeketoni, Lamu, serikali ya Kenya ilitia saini mkataba na kampuni ya simu ya Safaricom wa takriban shilingi bilioni 15 wa kujenga mfumo wa mawasiliano na ulinzi wa Nairobi na Mombasa: kamera 1,800, vituo vya polisi 195 na redio za kisasa, vyote vikiunganishwa na kituo kikuu cha kuratibu.

Katika mfumo kama huo, kufuatilia gari lenyewe kwa GPS si jambo gumu. Kipokezi hunasa mawimbi ya satelaiti zisizopungua nne, zilizo kilomita 20,200 juu yetu. Hupima muda ambao kila wimbi limechukua kufika, na kukokotoa mahali kilipo. Kwenye barabara ya Malindi, palipo wazi, kosa huwa la mita chache. Kati ya majumba marefu nukta ya gari kwenye ramani huyumba. Kisha laini ya simu hupeleka nukta hiyo kwenye seva, na mtandao ukikatika, kifaa kizuri huhifadhi nukta na kuzituma baadaye. Muhimu zaidi ni kifaa kimepangwa kuripoti mara ngapi: gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa, likiripoti mara moja kwa dakika, huacha pengo la kilomita nzima. Kwa uchunguzi wa jinai, pengo hilo ni kubwa mno.

Ramani ya papo hapo humsaidia kamanda. Mwananchi anafaidika zaidi na kumbukumbu za mahali magari yalipopita. Tarehe 27 Agosti 2012 mhubiri wa Kiislamu, Sheikh Aboud Rogo, aliuawa kwa risasi hapa Bamburi, akiwa garini na familia yake. Wengi waliwashuku polisi, polisi wakakana. Kumbukumbu kamili ya kila gari la polisi siku ile ingewapa wachunguzi pa kuanzia, na ingewasafisha pia maafisa wasiohusika.

Sidai ramani hiyo ianikwe hadharani. Majambazi ndio wangekuwa wa kwanza kuitazama. Ila kumbukumbu zake zisiachwe mikononi mwa kituo kinachochunguzwa, wala dereva asiweze kuzima kifaa bila kuzimwa huko kuandikwa. Sheria ya 2011 iliyounda IPOA, chombo huru cha kusimamia polisi, inaipa mamlaka ya kudai rekodi za polisi. Izidai siku ileile lalamiko linapofika, kabla hazijafutwa.