Mama Mkwe Hakuhusika na Luka 15

Mlioitazama ibada ile mnajua kilichoharibika. Mhubiri alikuwa amefika Luka 15 mstari wa 20, kisa cha mwana mpotevu: mzee amemwona mwanawe kwa mbali, anakimbia kumlaki. Ukumbi kimya. Kamera ikamkuta mama mmoja wa mstari wa mbele ameshatoa leso. Hapo hapo mhubiri akauliza ni wangapi wakimwona mama mkwe anashuka kwenye basi na begi kubwa hukimbia hivyo, ila kuelekea mlango wa nyuma. Ukumbi ukalipuka. Mpiga kinanda akagonga mlio wake, na wapiga kinanda nimewasema miaka yote: hatuhitaji kuonyeshwa pa kucheka. Mhubiri akanogewa. Akairudia kwa sauti ya mama mkwe, kisha kwa mwendo wake. Yule mama akairudisha leso mkobani, akamgonga jirani bega kwa kicheko. Mwito wa toba ulipotolewa, madhabahu ilikaa tupu kwa muda mrefu.

Ingejaaje? Kicheko hutangulia neno zito, maana mtu aliyecheka amelegea na hajajikinga. Nathani alimlegeza Daudi kwa kisa cha kondoo kwanza, ndipo akamgeukia. Ukikileta kicheko baada ya neno, umewafungulia watu mlango wa kutokea.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kichekesho kilikuwemo ndani ya andiko. Kijana anatunga hotuba yake akichunga nguruwe, mstari wa 18 na 19: nimekosa, sistahili kuitwa mwanao, nipe hata kibarua. Anapofika anaanza kuitoa, na kabla hajagusa habari ya kibarua mzee ameshaagiza vazi, pete na viatu. Mhubiri anayeijua kazi angemfanya kijana aikariri njia nzima, apotelewe na maneno, aanze upya, watu wacheke woga wake. Kisha baba amkatize. Kicheko kingekatika pale pale hotuba ilipokatika, na leso ya yule mama ingefanya kazi yake.

Sehemu ya nguruwe mhubiri wetu aliiweza, nakiri.

Lakini sisi tuna kipimo. Hayati Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyewahi kufundisha Dodoma na kumtafsiria Billy Graham kwa Kiswahili, aliviigiza visa vya Biblia kwa mwili mzima, na kicheko chake kilitoka ndani ya kisa. Hata leo, Mchungaji Daniel Mgogo anapochekesha watu kuhusu ndoa, somo lenyewe huwa ni ndoa. Wengi wa sasa wanahubiri wakiwaza klipu, na klipu ya mama mkwe imeshazunguka kwenye simu bila hata mstari mmoja wa Luka.

Mhubiri wetu ametangaza kwamba ataendelea na habari ya kaka mkubwa. Lile lalamiko la mbuzi, mstari wa 29, lina kicheko cha kutosha. Alitumie hilo, tena mapema, na akifika pale baba anapomjibu mwanawe, anyamaze kidogo. Mpiga kinanda naye aondoe mikono.