Moshi kwenye blanketi: hewa ukaa inavyotoa gesi ndani ya mwamba

Asubuhi ya baridi hapa Katesh, uji ukishaiva kwenye kuni, mama hufungua mlango na dirisha. Moshi uliotanda chumbani unatoka kwa dakika chache. Ule ulioshika kwenye blanketi hautoki. Utalala nao leo, kesho na keshokutwa, hata mlango ukiachwa wazi. Gesi iliyo ndani ya mwamba wa sheli imekaa hivyohivyo, kwa namna mbili.

Sheli ninayoisema hapa si ile tunakojazia pikipiki mafuta. Ni tope la kale lililotuama chini ya bahari au ziwa pamoja na mabaki ya viumbe, likafunikwa na kukandamizwa mpaka likawa jiwe. Vitundu vyake ni vidogo mno kuonekana kwa macho. Sehemu ya gesi imo ndani ya vitundu na nyufa, iko huru. Sehemu nyingine imenata juu ya yale mabaki ya viumbe kama moshi kwenye blanketi. Kuchimba kisima na kuupasua mwamba kwa maji yenye mgandamizo ni kufungua mlango: gesi huru inatoka kwa kasi, kisha uzalishaji unaporomoka ndani ya miaka michache, na sehemu kubwa ya mali inabaki chini.

Gesi yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay inatoka kwenye miamba ya mchanga, ambayo ina njia pana zaidi. Kwa hiyo, kuona jinsi hewa ukaa (kaboni dioksidi) inavyoweza kuibandua gesi iliyobaki kwenye sheli, inabidi twende Morgan County, jimbo la Tennessee, Marekani, ambako watafiti wa Virginia Tech walifanya jaribio mwaka 2014 kwa fedha za Wizara ya Nishati ya nchi hiyo.

Walichagua kisima kilichokuwa kikizalisha gesi tayari, chenye tundu linaloshuka wima kisha kugeuka na kwenda mlalo ndani ya tabaka la sheli liitwalo Chattanooga. Mwezi Machi, kwa muda wa karibu wiki mbili, waliingiza tani zipatazo 510 za hewa ukaa. Lori la tani 30 likishusha mzigo mara 17, ndiyo hiyo. Ndani yake walichanganya kemikali za alama, ili hewa hiyo ikizuka kwenye kisima cha jirani ijulikane imetoka wapi. Kisha wakafunga kisima na kusubiri karibu miezi minne.

Kusubiri huko ndiko kiini cha kazi. Mabaki ya viumbe yaliyomo kwenye sheli huivuta hewa ukaa kwa nguvu zaidi kuliko yanavyoivuta methani, yaani ile gesi iliyonata. Hewa ukaa ikifika inachukua nafasi, methani inabanduka na kuwa huru. Lakini ili ifike, lazima ipenye vitundu vile kidogokidogo, na mwendo huo hauharakishwi na pampu. Anayefungua kisima mapema atarudishiwa hewa yake mwenyewe.

Kisima kilipofunguliwa, mwanzoni kilitoa hewa ukaa nyingi, kisha kiwango chake kikaendelea kushuka. Gesi ilitoka kwa kasi kubwa kuliko kabla ya jaribio. Zaidi ya methani, ziliongezeka pia gesi nzito kama propani na butani, zilezile tunazonunua kwenye mitungi ya kupikia. Na zaidi ya mwaka mmoja baadaye, zaidi ya nusu ya hewa ukaa iliyoingizwa ilikuwa bado haijarudi juu.

Kwenye mafuta hewa ukaa hufanya kazi nyingine. Huyeyuka ndani ya mafuta, huyavimbisha na kuyafanya mepesi, yakatiririka kutoka kwenye vitundu hadi kwenye nyufa. Katika maabara, vipande vidogo vya mwamba wa Bakken, kutoka North Dakota, vimetoa karibu mafuta yote vilipowekwa ndani ya hewa ukaa kwa saa chache. Takwimu hizo zisitupumbaze. Kipande cha ukubwa wa kucha kimezungukwa na hewa pande zote. Chini ardhini, hewa hugusa tu kuta za nyufa, na nyuma ya kila ukuta kuna mita kadhaa za jiwe. Eneo la kugusana ndilo linaloamua mavuno.

Na nyufa zinazosaidia ndizo pia zinazoharibu. Mwaka 2008, kwenye eneo la Parshall katika Bakken hiyohiyo, hewa ukaa iliyopigwa kwenye kisima kimoja ilipita kwenye nyufa na kutokeza kwenye kisima cha jirani. Haikukaa, haikupenya, haikubadilishana na kitu. Mwaka 2017 watafiti walirudi Bakken kwa unyenyekevu zaidi: kisima kimoja cha wima, tani zipatazo 99, siku chache za kuingiza, kisha kusubiri. Safari hii mafuta yaliyotoka yalionyesha mabadiliko ya muundo, dalili kwamba hewa ilikuwa imepenya kwenye jiwe lenyewe.

Mambo haya yanatuhusu sisi tunaoishi chini ya Mlima Hanang. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, linatafuta mafuta katika bonde la Eyasi Wembere, kaskazini na magharibi mwetu. Bado ni utafutaji. Lakini ardhi yetu ni ya Bonde la Ufa, na imejaa mipasuko. Kule Kyejo, Rungwe, hewa ukaa inayopanda yenyewe kutoka ardhini inavunwa na kuuzwa kwa viwanda vya vinywaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa katika eneo la Natron na Magadi hewa ukaa nyingi kutoka kina kirefu inapanda kupitia mipasuko hiyo. Mahali ambapo ardhi inavuja yenyewe, anayetaka kuifungia hewa humo lazima athibitishe kwanza kwamba kifuniko cha mwamba kinashika.

Mgandamizo nao tunaujua kwa msiba. Tarehe 3 Desemba 2023 tope kutoka mlimani liliua watu zaidi ya 80 hapa Katesh na vijiji vya jirani. Serikali ilieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, mgandamizo ukazidi, ikameguka. Kisima cha hewa ukaa ni jambo jingine kabisa, lakini kanuni ya kimiminika ndani ya jiwe ni ileile: kila mwamba una kikomo chake, na kikomo hicho kinapimwa kabla pampu haijawashwa.

Kuna hesabu ya mwisho ambayo wauzaji wa teknolojia hii huipitia haraka. Tani moja ya methani ikiunguzwa hutoa tani 2.75 za hewa ukaa. Kwa hiyo kusema "tumeifukia hewa chafu" hakutoshi mpaka tuone tani zilizoingia, tani zilizorudi kisimani, na tani zitakazotoka gesi hiyo ikichomwa. Watafiti wa Virginia Tech walipima mbili za kwanza kwa uangalifu, na ndiyo maana jaribio lao dogo lina thamani kubwa. Ikifika siku mradi kama huo ukaletwa kwenye mkutano wa kijiji huku kwetu, tuanze na daftari: nani ataandika hesabu hizo tatu, na sisi tutazisoma wapi?