Kurasa Tatu za Mwalimu wa Amani

Katika skuli zetu za sekondari, fasihi ya Kiingereza huingia darasani kupitia riwaya, tamthilia na ushairi. Mwanafunzi humjua Lawino wa Okot p'Bitek, akasoma na Passed Like a Shadow ya Bernard Mapalala. Tawasifu, ushuhuda na ripoti hubaki nje mpaka atokee mwalimu wa kuziita. Mwalimu hodari wa mtaa wa Amani, Unguja, huziita, na ufundi wake unastahili kutazamwa bila haraka.

Kwanza huchagua. Hatafuti kitabu kizima. Anataka ukurasa mmoja wenye mtu, mahali na jambo la kubishaniwa. Tawasifu ya Sayyida Salme, binti wa Sultan Said wa Zanzibar, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886 na kwa Kiingereza miaka miwili baadaye. Kurasa za majumba na mapambo mwalimu huziruka. Huchukua ukurasa ule ambao Salme anaeleza alivyojifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, maana wasichana wa jumba la mfalme walifundishwa kusoma tu. Kalamu hiyo ndiyo iliyomfanya awe katibu wa kundi la kaka yake Barghash katika njama za kutwaa ufalme za mwaka 1859. Wasichana wa Kidato cha Tatu hawahitaji kuelezwa kwa nini habari hiyo inawahusu.

Darasa likishampenda Salme, mwalimu hugawa ukurasa wa pili, wa kitabu kilekile: Salme anautetea utumwa. Mabishano huzuka, na mwalimu huyaacha yaende kwa Kiswahili. Kiingereza kitakuja hoja ikishasimama. Akiulizwa yeye anaonaje, hajibu. Hugawa karatasi ya tatu.

Hii inatoka Kiungani, kitabu kilichochapwa London mwaka 1887. Ndani yake mna masimulizi ya wavulana wa skuli ya misheni iliyokuwa Kiungani, kusini ya Mji Mkongwe. Miongoni mwao wamo waliotekwa bara wangali wadogo na kuuzwa. Aliyeyafasiri ni A. C. Madan, yuleyule aliyetunga kamusi za Kiswahili. Vitabu viwili, kisiwa kimoja, mwaka mmoja kati yao. Mwalimu hakuongeza neno lake hata moja, lakini sasa binti wa Sultan ana wa kumjibu.

Sarufi nayo huingia hapo hapo. Kauli ya kutendwa, ambayo kwa kawaida hufundishwa kwa sentensi za maembe yaliyoliwa, leo inafundishwa kwa sentensi aliyoiandika mwalimu ubaoni: watu walichukuliwa, wakaletwa, wakauzwa. Nani aliwachukua? Nani aliwaleta? Wanafunzi huigeuza sentensi iwe ya kutenda, na kila wanapoigeuza hulazimika kumtaja mtu. Wanajifunza kanuni ya lugha, na papo hapo wanaona jinsi mwandishi anavyoweza kumficha mtendaji bila kusema uongo.

Kazi ya nyumbani ni ukurasa mmoja wa Kiingereza kuhusu jambo la kweli la mtaani: maji, kodi ya nyumba, au bibi anayekumbuka Amani ilivyokuwa kabla ya uwanja wa mpira kufunguliwa mwaka 1970. Katika kusahihisha ndipo subira ya mwalimu inapoonekana. Makosa ya nyakati na viambishi huyarekebisha, ila kalamu nyekundu huanzia kwingine. Pembeni ya kila dai lisilo na mwenyewe huandika: nani kakwambia? Daftari hurudi, mwanafunzi huenda tena kwa bibi, akauliza, akarekebisha.

Mtihani wa taifa unaweza usiulize hata swali moja la kurasa hizo. Lakini kijana aliyezoea kuulizwa nani kamwambia atakuja kuliuliza gazeti, mgombea, na ujumbe uliosambazwa kwenye simu yake. Na atamuuliza pia mwalimu wake, ambaye hilo hasa ndilo alilokuwa akilitaka.