Ofa ya kazi inauliza diplome, haiulizi udongo

Wandugu, mu magrupu yetu kunapitaka ofa za kazi kila wiki. Tunazisomaka haraka: diplome gani, miaka mingapi ya uzoefu, tarehe ya mwisho, basi tunatuma CV. Leo ningependa tusome ofa moja polepole, sawa vile tunavyosoma kitabu. Ofa nayo ni maandishi, na maandishi mabaya yanaletaka hasara.

Ninayo hapa mbele yangu. Kampuni moja ya huku Lubumbashi inatafuta shefu wa shantie wa kusimamia ujenzi wa madepo makubwa ya mahindi. Anaombwa licence ya ujenzi, miaka 10 ya kazi, asipite miaka 35, ajue Kifaransa, Kiingereza na ordinatere. Piga hesabu: mtu anayemaliza chuo na miaka 25 anafikisha uzoefu huo siku ile ile anapofika mpaka wa umri. Njo kusema wanatafuta mtu ambaye karibu hayuko. Lakini hilo ni kosa dogo. Kosa kubwa ni kwamba hakuna neno hata moja juu ya udongo, mvua, wala hayo mahindi yenyewe.

Mimi ni agronome, si enjenieri wa ujenzi. Ninasema juu nimeona. Miaka 2 iliyopita nilichunga stoki mu depo moja mpya. Shefu wa shantie alikuwa kijana wa diplome nzuri, aliyetoka mbali, CV yake ilikuwa safi. Kiwanja kilikuwa na kichuguu, vile vikubwa vya kwetu Katanga vinavyopita nyumba kwa urefu. Wakakisambaza na mashini, wakamwaga beto juu. Papa mmoja masoni, asiye na diplome yoyote, akawaambia: "Bana, udongo ya kichuguu na ile mwekundu haikunywake mayi sawa." Wakamcheka. Plastiki ya kuzuia unyevu chini ya sakafu nayo ikarukwa, juu Novemba ilikuwa inafika na paa lilikuwa bado.

Mu Januari sakafu ikapasuka pale pale kichuguu kilipokuwa. Unyevu ukapanda toka chini. Magunia ya mstari wa chini yakashika kuvu.

Pengine mtu atasema: magunia tu. Hapana. Mahindi yanawekwaka vizuri yakiwa na unyevu wa asilimia 13 hivi. Yakinywa maji tena, kuvu wa aina ya Aspergillus flavus anaweza kutoa aflatoksini, sumu inayoharibu maini, na kupika bukari hakuimalizi. Sisi tunakula bukari kila siku. Tunakumbuka 2024, ukame ulipoipiga Zambia na ikazuia mahindi yake kutoka inje: kila mama wa soko alijua bei ya unga bila kusoma gazeti. Depo nzuri ni akiba ya siku kama zile. Depo mbaya inageuza akiba kuwa sumu.

Ofa nzuri ingeuliza nini basi? Kwanza udongo: mbele ya kumwaga beto, ungechimba wapi, na ungetafuta nini? Pili kalenda. Kwetu kiangazi kinaanza Mei, na kufika Oktoba mawingu yanarudi. Beto inapimwaka nguvu yake siku ya 28. Chuma cha nguzo kinaweza kukwama mpakani. Buloni ikiwekwa pembeni kidogo mu msingi, nguzo haisimami. Mtu asiyejua kuhesabu kurudi nyuma toka mvua ya kwanza, Kiingereza hakitamsaidia. Tatu watu: tupe namba za masoni 2 uliofanya nao kazi mwisho. Diplome inaonyesha alichosoma. Masoni ataonyesha alivyoongoza, na kama alilipa.

Waajiri nao wanasemaka kwamba mashefu wenye kujua hawapatikani. Kuna ukweli ndani. Sisi wa chuo tunapenda biro yenye klima, kulala ku shantie hatutaki. INPP iko toka 1964, inafundisha ufundi, lakini mtu wa licence anaona haya kukaa pale pamoja na masoni. Halafu kuna ofa ambazo nafasi imeshapewa ndugu wa shefu mbele hata ya kutangazwa. Ofa hizo ni kujipamba tu.

Lakini kijana wetu sitamtupia mawe. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kichuguu ni nini. Aliambiwa tu amalize mbele ya tarehe. Sakafu ilipopasuka, yeye ndiye alifukuzwa. Aliyeandika ofa alibaki mu biro.

Na hii ofa niliyo nayo mbele yangu ni ya kampuni ile ile. Nimelinganisha na ya kwanza. Neno moja tu limebadilika: miaka 5 ya uzoefu imekuwa 10.

Wewe uliye enjenieri, ukiitwa mu interviu, usingoje maswali yao. Uliza wewe: kiwanja kiko wapi, na kichuguu kilikuwa upande gani? Kama hawana jibu, ujue jina lako njo litabebeshwa ile sakafu.