Kitabu Nilichokisoma: Aliyepona Saratani Utotoni

Tukipata habari kuwa mtoto wa fulani amepona saratani, twasema Alhamdulillahi, na ndivyo ipasavyo. Lakini aghalabu baada ya hapo hatumuulizi mtoto huyo neno. Kitabu hiki chatuonyesha hasara yake.

Mwandishi ni Lucy Grealy, aliyezaliwa Dublin mwaka 1963 akalelewa Marekani. Kitabu chake, Autobiography of a Face, kilitoka mwaka 1994. Alipokuwa na miaka 9 alipatikana na saratani ya taya. Madaktari wakaliondoa sehemu kubwa, kisha akatibiwa kwa mionzi na dawa kali muda wa miaka miwili na nusu. Akapona. Na hapo ndipo masaibu mengine yalipoanza. Huko skuli wavulana walimcheka, hata akawa akila chakula chake faraghani. Siku ya sikukuu ya kwao, watoto wavaapo vinyago, naye alivaa, akaona raha kubwa, kwani hapana aliyeuona uso wake. Mwenyewe anakiri kuwa kujiona mbaya kulimuuma kuliko saratani yenyewe. Ndiyo maana wazee wakasema, ulimi unauma kuliko meno.

Ubora wa kitabu ni ukweli wake. Mwandishi haombi huruma. Mahali paliponichoma ni pale mama yake, kwa kutaka kumtia moyo, alipomwambia asilie. Mtoto akafahamu kuwa kulia ni kosa, na kila chozi lilipomtoka alijiona amemvunja mama yake. Mimi nimesomesha watoto miaka mingi, na neno "jikaze" nimelisema mara zisizo na idadi. Na hali Mtume (s.a.w.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, wala hakuona haya.

Ila kitabu kina upungufu, nao uko mwishoni. Mlango wa mwisho una haraka. Mwandishi, aliyekaa muda mrefu bila kujitazama kiooni, twamuacha mkahawani akiitafuta sura yake katika kioo cha dirisha, nasi twafunga kitabu tukidhani amekwisha kupatana na uso wake. Hayakuwa hayo. Baada ya operesheni kiasi cha 30, aliendelea kupasuliwa, na mwaka 2002 akafariki kwa kuzidiwa na dawa za kulevya, naye ana miaka 39. Simtaji ili ahukumiwe. Nasema tu kuwa kitabu kiliyamaliza mambo kabla hayajaisha, kama tufanyavyo sisi tusemapo "amepona" tukaenda zetu.

Basi, wazazi na walimu wenzangu, kudharauliana na kuchekana kumekatazwa wazi katika Suratul Hujurat, na watoto wetu wafunzwe hivyo kabla mgonjwa hajarudi darasani. Naye akirudi, tusimwambie ajikaze. Tukae naye, tumuulize moyo wake u hali gani, na akilia tumuache alie.