Paa la Arlington Row

Arlington Row ni safu ya nyumba ndogo za mawe zilizoshikana, katika kijiji cha Bibury, Gloucestershire, Uingereza. Jengo lenyewe lilianza yapata mwaka 1380 likiwa ghala la sufu la watawa. Katika karne ya 17 likagawanywa vyumba na kuwa makazi ya wafumaji. Ndiyo sababu milango ni mifupi na madirisha hayalingani: nyumba hizi hazikuchorwa na mtu, zilipenyezwa ndani ya ghala. Kitambaa kilichofumwa humo kilipelekwa kwenye kinu cha maji cha Arlington kupigwapigwa mpaka kishikamane, kisha kikaanikwa kwenye viunzi vya Rack Isle, kiwanja cha majani mbele ya safu hiyo.

Kuta ni za mawe ya chokaa ya zama za Jura, yaliyofanyika kwa punje za mviringo zilizogandamana chini ya bahari ya vuguvugu. Kwa karibu hufanana na mayai ya samaki. Chuma kidogo kilichomo ndicho kinachoyapa umanjano wake. Yakitoka machimboni yana unyevu na huchongeka vizuri, yakikauka huwa magumu.

Lakini ufundi mkubwa uko juu. Paa limeezekwa kwa vigae vya mawe, na vigae hivyo havikukatwa kwa msumeno. Waashi wa nchi hiyo walichimba mawe yenye matabaka msimu wa majani kupukutika, wakayaacha nje wakati wa baridi, wakiyamwagia maji yasikauke. Maji yaliyojificha kati ya matabaka yaliganda, yakatanuka, yakapasua jiwe kuwa mabamba. Baridi ikikosa kuja, kazi ya mwaka iliharibika, kwani jiwe likishakauka halipasuki tena. Fundi alibaki kunyoosha kingo kwa nyundo na kutoboa tundu moja la kigingi cha mwaloni, ambacho kigae kilining'inia nacho kwenye pao.

Mabamba ya namna hiyo hayalingani wala hayalaliani sawasawa, kwa hiyo paa sharti liwe la mteremko mkali, maji yashuke kabla hayajapenya. Vigae vipana hukaa upenuni, na kila mstari unaopanda hupungua kimo mpaka vile vidogo vya kileleni. Mpango huu una akili kuliko unavyoonekana: maji huwa mengi chini, na chini ndiko kwenye maungio machache, uzito mkubwa hukaa karibu na ukuta, na hakuna kipande kinachotupwa. Mapaa mawili yanapokutana, fundi stadi huvipinda vigae taratibu kufuata kona, bila bamba la madini ya risasi. Kazi hiyo pekee inatosha kumtambulisha bingwa.

Mbunifu na mshairi William Morris aliisifu Bibury kuwa kijiji kizuri kuliko vyote Uingereza. Mwaka 1929 safu hiyo ilinunuliwa na Royal Society of Arts ili isibomoke, na tangu 1949 iko mikononi mwa National Trust, shirika la kuhifadhi urithi. Ukarabati wake si rahisi: machimbo yanayotoa vigae vya mawe yamebaki machache, hivyo vigae vya zamani hushushwa, vikapangwa kwa ukubwa na kurudishwa. Vinavyopungua mara nyingi hutafutwa kwenye mapaa ya mabanda ya mashambani, ambayo nayo yana umri wa karne kadhaa.